Andazi Lililoitwa Kwaresima

Vijana wangu mnaojifunza upishi, kabla hamjaniuliza kiasi cha sukari, naomba niwaeleze kwa nini ninaandika tarehe kila mahali.

Nilianza shule nikiwa na umri wa miaka hamsini, Jumatatu, tarehe 7 Januari, saa tisa alasiri, katika darasa la watu wazima hapa Biryogo, Kigali. Mume wangu, marehemu Mzee Yusufu, fundi cherehani ambaye suruali zake zinatembea Nyamirambo mpaka leo, alikuwa amefariki Alhamisi ya tarehe 9 Juni, na mimi nilikuwa nimechoka kusomewa barua zangu na majirani. Mstari wa kwanza tuliofundishwa kuunakili kutoka ubaoni haukuwa majina yetu. Ulikuwa tarehe. Basi nilipojua kuandika, niliandika kile nilichokijua. Mfuko wa unga ukiingia jikoni kwangu, unapigwa tarehe. Dumu la mafuta, tarehe. Chombo cha sukari, tarehe. Mwenzangu Leokadia, aliyekaanga nami kwa miaka kumi na tisa, alikuwa akisema kwamba paka akilala karibu nami muda mrefu, naye ataandikwa.

Zingatieni jambo hilo la tarehe. Nitalirudia, na sitalirudia kwa fahari.

Aliyenifundisha kazi ni Bibi Mwanaidi, mzaliwa wa Ujiji, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya ziwa. Hakuwa na mizani. Unga uliokandwa vizuri, alisema, huwa laini kama ncha ya sikio. Siku ya kwanza nilikanda, nikashika sikio langu, nikaona vimelingana. Bibi akaja, akabonyeza donge, kisha akanibonyeza sikio mimi.

"Sikio lako gumu," akasema. "Kanda tena."

Kwa miaka mitatu sikio langu la kushoto lilikuwa kipimo cha jiko zima. Wanafunzi wengine walikuja, wakakanda, wakanibonyeza, wakaondoka. Nilipopata hereni za kwanza, zawadi ya Mzee Yusufu, Bibi aliniomba nizivae upande wa kulia tu, ili nisiharibu kazi. Ninyi mna mizani za kuwasha kwa kidole, nami sizidharau. Lakini siku umeme ukikatika, kumbukeni kwamba mna masikio mawili.

Kuhusu majina, ambayo ndiyo mlinitaka niyaandike, nitasema ninachokijua na kuacha nisichokijua. Andazi, kwa maelezo ya Bibi, linatoka katika kuandaa: ni kitu kilichotayarishwa kabla mgeni hajaketi. Hamri ni ndugu wa hamira, kwa sababu huumuliwa, na watu wa pwani hulitia tui la nazi na iliki. Kuhusu kitumbua palikuwa na vita. Bibi alikifahamu kama keki ya mchele uliolowekwa na kusagwa, inayopikwa kwenye chuma chenye mashimo na kugeuzwa kwa kijiti. Leokadia, Mkatoliki aliyelelewa Bujumbura, alikifahamu kama donge la unga wa ngano linaloelea kwenye mafuta, nalo huliita igitumbura.

"Hicho chako ni mpira," Bibi akamwambia siku ile walipokutana mara ya kwanza.

"Na chako ni uji ulioganda, Bibi," Leokadia akajibu. "Igitumbura kinatoka katika gutumba, kuvimba. Chako kimevimba wapi?"

"Changu kinatoka katika kutumbua! Kinajipasua chenyewe kwa utamu!"

Walibishana hivyo mpaka mafuta yakashika moto. Mimi nilijifunza mambo mawili: kwamba moto wa mafuta hufunikwa kwa kifuniko wala haumwagiwi maji, na kwamba jina moja linaweza kuishi katika nyumba mbili bila kumkosea adabu mwenye nyumba yoyote. Wale waliotoka Kampala walituletea kabalagala ya ndizi mbivu. Wazee waliosoma Kifaransa walisema benye. Watu wa Kinshasa wakiomba mikate, usiwape mkate. Wanataka vile vidonge vya mviringo. Nilitumikia wote hao kwenye kichochoro kimoja, na hakuna aliyerudi na njaa.

Bibi Mwanaidi alipokuwa karibu kutuacha, alinikabidhi chuma chake cha vitumbua. Nilimwahidi kwamba hakitapoa.

Sasa nije kwa shemeji yangu. Hamisi, mdogo wake Mzee Yusufu, anaishi Rwamagana. Ni mtu mwema, na wema wake ndio ulionitia hofu. Kila Idi alikuja, akala, akajifuta mdomo, akasema: "Shemeji, umechoka. Chumba kiko tayari. Dirisha linatazama mbuzi." Alikisifu chumba kile kama watu wanavyosifu hoteli. Mimi sikuwa nimechoka. Ila ni kweli kwamba wateja wetu wa asubuhi walikuwa wakipungua, kwa sababu mikate ya viwandani ilikuwa imefika hata kwenye vibanda vya Biryogo, imefungwa kwenye mifuko inayong'aa, nao watu wana haraka. Mwaka ule, mwezi wa pili, tulikuwa tunakaanga nusu ya karai.

Ndipo tulipopata nafasi ya Kacyiru. Ofisi moja ya huko ilitafuta mtu wa kuwapelekea vitafunio vya chai ya saa nne. Msimamizi wa chumba chao cha chai, mwanamke kijana aitwaye Doreen, aliyekulia Kampala, alitupa juma moja la majaribio, Jumatatu hadi Ijumaa. Aliomba jambo la ziada: kila siku niandike kadi ya kueleza jina la kitafunio na asili yake, kwa kuwa wafanyakazi wake walitoka kila upande na kila mmoja aliita kitu kilekile kwa jina la kwao.

Kuandika! Mimi! Nilinunua kalamu mpya siku hiyohiyo.

Kisha nikafanya kitendo cha kiburi. Nilimpigia Hamisi simu nikamwambia: "Kacyiru wakinikataa, Jumamosi njoo unichukue, nami sitabisha. Wakinikubali, dirisha lile wape mbuzi wenyewe."

"Haya, shemeji," akasema. Kwa wema wake, hakungoja Jumamosi. Jumatatu, tarehe 18 Machi, alifika na zawadi ya kunitia moyo: ndoo mbili za plastiki, nyeupe, zenye vifuniko, pacha kabisa, moja imejaa sukari laini, nyingine chumvi. Nilimshukuru, nikachukua kalamu yangu mpya, nikaandika kwenye kila ndoo, kwa mwandiko ambao mwalimu wangu angelia akiuona: *Jumatatu, 18 Machi.*

Mmeelewa? Kwa miaka yote sikuwahi kununua sukari na chumvi siku moja. Nilizitambua kwa tarehe. Sikuwahi kuandika kilichomo. Mimi niliyekuwa nikieleza mji mzima kila andazi linaitwaje na kwa nini, sikuwa nimeipa chumvi yangu jina.

Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima zilikutana. Jikoni kwetu hilo lilikuwa na utaratibu wake. Wapo wanaosema mpishi aliyefunga anaweza kuonja kwa ncha ya ulimi na kutema. Bibi Mwanaidi hakuwa mmoja wao, na mimi ni mwanafunzi wake. Katika mwezi wa mfungo, aliyeonja alikuwa Leokadia. Nilikaanga, nikamkabidhi la kwanza, akageuka kando kwa heshima ili asile mbele yangu, kisha akasema "Iko sawa," nasi tukaendelea. Ilikuwa hivyo kwa miaka yetu yote pamoja.

Jumatatu tulipeleka maandazi, yaliyotiwa sukari kutoka kwenye mabaki ya zamani. Yalikwisha kabla chai haijapoa. Jumanne tulipeleka vitumbua vya Bibi na ibitumbura vya Leokadia kwenye sinia moja, na kadi yangu ikaeleza vita vyao. Watu walisoma kwa sauti, wakacheka, wakagawanyika makundi. Alikuwapo Msafiri, afisa wa nyaraka, aliyelelewa Bukoba, ambaye Kiswahili chake alikivaa kama suti. Alinisahihishia koma moja. Nilimshukuru, ingawa koma ile ilikuwa sahihi.

Jumatano, tarehe 20 Machi, niliamua kuwapa mahamri. Ndiyo kazi niliyoiringia kuliko zote. Mara tu baada ya swala ya alfajiri nilichukua ndoo, nikapima kwa bakuli, nikakanda.

Sikilizeni hapa, maana hapa ndipo penye elimu. Unga haukuumuka ipasavyo. Chumvi nyingi huibana hamira, nami nililijua hilo. Lakini mvua ya masika ilikuwa inanyesha, nikailaumu baridi. Nilipokaanga, mahamri hayakushika rangi. Sukari ndiyo inayoyapa wekundu ule, nalo nililijua. Nikayalaumu mafuta. Jicho langu lilinieleza mara mbili, lakini nilikuwa nikingoja neno la ulimi wa mtu mwingine. Nilimpa Leokadia la kwanza. Akageuka kando kwa heshima.

"Iko sawa," akasema.

Tulipanda pikipiki mbili, yeye na beseni, mimi na kadi yangu chini ya koti la mvua. Kadi ilisema: *Mahamri. Chakula cha asubuhi cha watu wa pwani. Jumatano, 20 Machi.*

Saa nne na dakika tano watu walikuwa mezani. Doreen alisoma kadi kwa sauti. Wakachukua, wakauma.

Taya zikapunguza mwendo.

Ninyi mmezaliwa katika mji huu, mnajua adabu yake. Mtu wa Kigali humeza kwanza. Niliona mtu mmoja akitafuna polepole kama anayesoma mkataba. Mwingine alijaza kikombe cha chai, akanywa, akakijaza tena. Mama mmoja alilifunga lake kwenye karatasi nyeupe akasema atampelekea mumewe. Nilidhani ni sifa. Mabega yangu yakapanda.

"Mama Zena," Doreen akaniambia, "hii ya leo iko... tofauti. Huko pwani wanakula hivi kila siku?"

Sikuwahi kufika pwani. Kabla sijajibu, Msafiri akasafisha koo.

"Ni kawaida," akasema. "Kwa sisi tuliokaa Tanzania si jambo geni. Bahari iko karibu, unajua. Chumvi inaingia katika kila kitu. Hata katika hewa."

"Kumbe!" watu wakasema. "Ni hewa!"

"Msafiri, si ulisema Bukoba?" Doreen akauliza. "Bukoba iko kwa ziwa."

"Nilipita pwani," Msafiri akajibu, akauma tena, na machozi yakamtoka kwa ajili ya taifa.

Neno *chumvi* liliniingia kama mwiba. Nilichukua hamri moja, nikalipasua. Ndani palikuwa pamebanana, matundu madogomadogo, hakuna lile pango ambalo hamri huwa nalo. Nililinusa. Singeweza kuonja. Nikamgeukia Leokadia, aliyekuwa akitazama dari.

"Leokadia, ulionja?"

"Niligusa."

"Kwa ulimi?"

"Kwa mdomo."

"Mdomo wa ndani au wa nje?"

"Mama Zena, *Mana yanje*, Mungu wangu, nisamehe. Niko kwa Kwaresima. Niliacha sukari."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumatano ya Majivu."

"Tarehe 14 Februari! Na hukuniambia?"

"Padri alisoma kwamba anayefunga asijitangaze."

"Hata kwa mpishi mwenzake?"

"Hakutaja wapishi."

Tulinong'ona, lakini chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alikuwa ameacha kutafuna. Leokadia akanivuta mkono, akaongeza chini ya pumzi yake: "Sasa nyamaza. Yule bwana ameshasema ni pwani. Acha iwe pwani. Kesho tutatia sukari, hakuna atakayejua."

Nataka mjue kwamba nilifikiri. Sikufikiri kidogo. Mbele yangu palikuwa na njia iliyofagiliwa vizuri: kukubali tu, kusema "ndiyo, pwani," na Ijumaa kupewa kazi. Nyuma yangu palikuwa na Rwamagana, chumba, dirisha, na mbuzi wakinitazama jinsi ninavyopumzika. Chuma cha Bibi kingepoa. Lakini kadi ile ilikuwa na mwandiko wangu. Nilikuwa nimejifunza kuandika nikiwa na miaka hamsini, miguu yangu ikigonga chini ya dawati la watoto, ili nisidanganywe tena na karatasi ya mtu. Ningewezaje kuwaachia wao karatasi ya uongo, tena yenye tarehe?

Niliichukua kadi. Nikatoa kalamu. Nikakata neno *Mahamri* kwa mstari mmoja ulionyooka, nikaandika juu yake: *Hili ni kosa langu. Nilitia chumvi badala ya sukari. Sikuonja.* Nikairudisha mezani, nikasimama wima kwa sababu sikujua namna nyingine ya kusimama.

Doreen alisoma. Watu wakamtazama Msafiri. Msafiri alitazama hamri lake kama mtu aliyeuziwa kiwanja hewa.

"Kwa hiyo," Doreen akasema polepole, "aliyefunga ni Mama Zena, na aliyefunga ni Leokadia, na sisi ambao hatujafunga ndio tumeteseka?"

Yule mama wa karatasi nyeupe alianza kucheka, wengine wakamfuata. Mimi sikucheka. Nilikusanya masinia. Nikiwa mlangoni, Doreen akasema tu, "Mama, nitakujibu Ijumaa."

Jioni ile, baada ya kufuturu, nilifunga sanduku langu. Leokadia alikuja, akakaa juu yake ili lisiondoke.

"Nitaacha Kwaresima," akasema.

"Usinitie katika dhambi zako."

"Basi nitaonja na kutubu. Kila asubuhi. Padri ana muda."

Hakuonja sukari. Nilimkatalia, kwa kuwa nadhiri ni nadhiri. Alhamisi na Ijumaa tuliazima ulimi wa jirani yetu, muuza mkaa, Mkristo asiyefunga lolote, ambaye alionja maandazi saba kabla ya kuwa na uhakika. Na kwenye ndoo, chini ya tarehe, niliandika kwa herufi kubwa: SUKARI. CHUMVI.

Ijumaa Doreen aliniita pembeni. Nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kuaga.

"Mama, iko shida," akasema. "Watu wanauliza ile ya Jumatano."

"Nimeomba radhi kwa ile ya Jumatano."

"Hapana, wanaitaka. Madereva wanasema sukari ya kila siku imewachosha. Punguza chumvi, weka kitunguu kidogo, iko vizuri na chai ya rangi. Utaweza?"

"Nitaweza," nikasema. "Na hayo mengine?"

"Yote. Kila siku. Yule mwenye mkate wa plastiki nimeshamwambia." Kisha akacheka. "Hiyo ya chumvi tutaiita nani? Maana wao wanasema tu, lete zile za Kwaresima."

Leokadia akaziba uso kwa kitenge. Mfungo wake wa siri ulikuwa sasa kwenye orodha ya chai ya Kacyiru.

Hamisi alifika Jumamosi, tarehe 23 Machi, saa tatu kamili, na gari la kukodi. Hakuwa amefunga, kwa sababu alikuwa msafiri, hivyo nilimkaangia kwaresima za kwanza zenye kitunguu. Alikula nne, akajifuta mdomo.

"Shemeji," hatimaye akasema, "kwa hiyo chumba?"

"Nikizeeka."

Alirudi Rwamagana na gari tupu na mfuko wa kwaresima mapajani. Mbuzi wana dirisha lao mpaka leo. Mimi nilistaafu mwaka uliofuata, kwa hiari yangu, na chuma cha Bibi kiko mikononi mwa Leokadia, kikiwa cha moto.

Mwezi uliopita nilikwenda Masoro kumtembelea mjukuu wangu anayefanya kazi kiwandani. Karibu na lango palikuwa na binti anauza chai na vitafunio, na katikati ya maandazi yake niliona kitu kilichopauka, kidogo, chenye kitunguu. Nikauliza ni nini.

"Kwaresima, bibi," akasema. "Hujawahi kula?"

"Jina hilo limetoka wapi?"

"Lo, ni la zamani sana. Lililetwa na mapadri wazungu, wakitokea Burundi. Walikuwa wanakula hizi wakifunga."

"Zamani ya tarehe ngapi?"

"Zamani tu, bibi. Haina tarehe."

"Ni Jumatano, tarehe 20 Machi," nikasema, "saa nne na robo asubuhi."

Alinitazama kwa huruma ile mnayotutazama nayo sisi wazee, akanichagulia moja kubwa, akanivutia kiti. Haikuwa Ramadhani. Nililiuma, nikatafuna polepole, mpaka mwisho.

Chumvi haikutosha.